Saa, Zamu na Neno la Siri: Historia ya Kuwapimia Watoto Muda kwenye Kompyuta ya Familia

Desturi ya mzazi kumpangia mtoto saa za kutumia kompyuta ya nyumbani huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo la juzi, lililoletwa na intaneti na michezo yake, ilhali viungo vyake vyote, yaani saa maalumu ya kuzima, mgawo wa muda kwa kila mtumiaji, na neno la siri linalomzuia asiyeruhusiwa, vilikuwa vimekwisha kubuniwa kabla familia ya kawaida haijamiliki kompyuta. Saa ya kuzima ilitoka kwenye televisheni, na msimamizi wake alikuwa serikali. Mgawo wa muda na neno la siri vilitoka kwenye vyuo vikuu, na vilikusudiwa watu wazima waliokuwa wakigombea mashine moja. Kompyuta ya familia ilizikutanisha mila hizo mbili sebuleni kwa kipindi kifupi, tangu miaka ya 1980 hadi simu za kisasa zilipoenea, na mwenendo wa kipindi hicho unaonyesha kwamba mipaka iliheshimika zaidi pale ilipotokana na uhaba ambao kila mtu nyumbani aliuona kwa macho yake, ikageuka kuwa mchezo wa kuviziana pale uhaba huo ulipokwisha.

Mfano ulio wazi zaidi wa saa ya kuzima unapatikana Uingereza. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, baada ya shirika la utangazaji la BBC kurejesha matangazo ya televisheni mwaka 1946, ulikuwapo utaratibu ambapo vipindi vya watoto viliishia saa kumi na mbili jioni, kisha skrini ikabaki tupu kwa saa nzima, na vipindi vya watu wazima vikaanza saa moja usiku. Utaratibu huo, uliokuja kuitwa suluhu ya watoto wadogo, ulikuwa na lengo la kuwapa wazazi nafasi ya kuwaogesha na kuwalaza watoto bila ubishi, na kuwapa wale wakubwa kidogo nafasi ya kufanya kazi za shule. Nguvu yake ilikuwa katika usahili wake: hapakuwa na mzazi aliyelazimika kukataa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukatalia, na mtoto wa tajiri na wa mfanyakazi wa kiwandani walikutana na skrini ileile tupu kwa saa ileile.

Utaratibu huo haukuvunjwa na watoto wala na wazazi, bali na matangazo ya biashara. Televisheni ya kibiashara, ITV, ilipoanza tarehe 22 Septemba 1955, ilitegemea fedha za watangazaji bidhaa, na saa moja ya giza kila jioni, tena saa ambayo watu wanarejea kutoka kazini, ilikuwa hasara ambayo BBC, iliyoendeshwa kwa ada ya leseni, haikuihisi kwa kiasi hichohicho. Postamasta Mkuu, waziri ambaye wakati huo alisimamia utangazaji, alikuwa Charles Hill, daktari aliyejulikana kwa ushauri wa afya alioutoa redioni wakati wa vita, naye alishika msimamo kwamba kuwalaza watoto ni kazi ya wazazi, haiwezi kuwa kazi ya dola. Suluhu ikafikia mwisho Februari 1957, na Jumamosi ya kwanza, tarehe 16, BBC iliijaza nafasi hiyo kwa Six-Five Special, kipindi cha muziki wa vijana; saa iliyotengwa kwa usingizi wa watoto ikakabidhiwa magitaa na wachezaji. Mwaka uliofuata Hilde Himmelweit na wenzake walichapisha utafiti mkubwa juu ya televisheni na mtoto wa Uingereza, ambao ulionyesha kwamba televisheni haikula muda wote wa mtoto kwa usawa: ilisukuma pembeni yale yaliyofanana nayo, kama vile redio, sinema na vitabu vya katuni, kuliko yale yasiyofanana nayo. Hoja hiyo, ambayo ingefaa kuwa mwanzo wa kila mjadala wa baadaye, ilisahauliwa mara kadhaa, labda kwa sababu haitoi idadi ya saa ambayo mtu anaweza kuibandika ukutani.

Uingereza haikuwa peke yake kuiweka saa mikononi mwa dola. Aisilandi, ambako televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966, iliacha Alhamisi bila matangazo hadi mwaka 1987, na kwa miaka mingi mwezi mzima wa Julai pia. Afrika Kusini haikuwa na televisheni kabisa hadi Januari 1976, kwa sababu za kisiasa ambazo hazikuhusu usingizi wa mtoto yeyote. Tanzania Bara ilikwenda mbali kuliko nchi hizo. Viongozi wake waliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini katika nchi iliyokuwa ikihimiza vijiji na kilimo, na mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuleta hasara na mchafuko, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Watoto wengi wa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya walikua bila skrini ya aina yoyote nyumbani, wakati ambapo Zanzibar, iliyojiamulia mambo yake, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, na Kenya ilikuwa na matangazo yake tangu mwaka 1962. Vituo binafsi vya televisheni viliporuhusiwa Bara mwaka 1994, televisheni na kompyuta ziliingia karibu kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida katika historia ya nchi nyingine, kwa kuwa jamii ambayo haikuwahi kuzoea kubishana juu ya saa za televisheni ilitakiwa kujifunza kubishana juu ya zote mbili kwa mkupuo.

Mila ya pili ilianza Massachusetts, katika chuo cha MIT, na haikuwa na mtoto hata mmoja ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kompyuta moja ilikuwa na bei ya kuweza kujenga majengo kadhaa, na mtafiti aliyetaka kuitumia alikabidhi kadi zake zilizotobolewa kwa mwendeshaji, akaondoka, akarudi baada ya saa nyingi kuchukua majibu. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliojulikana kwa kifupi kama CTSS, uliotekeleza mgawanyo wa muda, yaani mbinu ya kuifanya mashine moja imhudumie kila mtumiaji kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha irukie kwa mwingine, kwa kasi inayomfanya kila mmoja adhani kwamba mashine ni yake peke yake. Ili mafaili ya watu yasichanganyike, kila mtumiaji alipewa akaunti na neno la siri. Na kwa kuwa muda wa mashine ulikuwa ghali, kila akaunti ilipimiwa kiasi chake. Kila kitu ambacho mzazi wa leo hukikuta katika ukurasa wa udhibiti wa familia, yaani jina la mtumiaji, neno la siri, saa zilizobaki, na ujumbe wa kumwambia mtu muda wake umekwisha, asili yake ni humo.

Uvunjaji wake pia asili yake ni humo. Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikuwa amepimiwa saa 4 kwa wiki, kiasi kisichotosha kwa majaribio aliyoyaandaa. Mfumo ulikuwa na huduma ya kuchapisha faili kwa kuwasilisha kadi yenye namba ya akaunti na jina la faili, na mwaka 1962, usiku wa Ijumaa, Scherr aliomba lichapishwe faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, akaenda kulichukua alfajiri ya Jumamosi, akaendelea kufanya kazi kwa akaunti za wenzake. Siri hiyo aliitoa mwenyewe baada ya miaka mingi. Mtoto anayegundua neno la siri la baba yake kwa kumchungulia begani ana mtangulizi mwenye heshima kubwa kitaaluma, na inafaa kukumbuka kwamba mtangulizi huyo hakuwa mtundu wala mraibu. Alikuwa na kazi isiyotoshea katika kipimo alichopewa, na kipimo hakikuwa na njia ya kuitofautisha kazi hiyo na upuuzi.

Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa, mila hiyo ya akaunti na mgawo haikufuatana nazo. Mashine zilizotoka Marekani mwaka 1977, na zile za Uingereza zilizofuata kama ZX81 ya mwaka 1981 na ZX Spectrum ya mwaka 1982, ziliundwa kwa dhana ya mtu mmoja na mashine yake: ukiiwasha, iko tayari, haiulizi wewe ni nani. Hata hivyo mipaka ilikuwapo, tena mikali, kwa sababu zile za bei nafuu hazikuwa na skrini zake zenyewe na zililazimika kuunganishwa kwenye televisheni ya familia. Mtoto aliyetaka kucheza au kujifunza kuandika programu aliitumia sebule yote. Programu ilipakiwa kutoka kwenye kaseti ya sauti kwa dakika kadhaa, mara nyingine ikashindikana na kuanza upya, na taarifa ya habari ilipofika alizima bila kujadiliana. Zamu, mpango wa kale kuliko wote, ilifanya kazi ambayo baadaye ingeachiwa programu. Si kwamba nyumba za miaka hiyo zilikuwa na nidhamu kuliko za leo. Zilikuwa na skrini moja, na aliyeishikilia kwa muda mrefu alikuwa akimnyima mwenzake aliyekaa pale pale akimtazama.

Hofu juu ya watoto na michezo ya kompyuta ilijitokeza kwanza nje ya nyumba, katika kumbi zenye mashine za sarafu. Mnamo 1981 Ferdinand Marcos alizipiga marufuku mashine hizo nchini Ufilipino, na huko Texas, mji wa Mesquite uliwazuia walio chini ya umri wa miaka 17 kuzitumia wasipokuwa na mzazi au mlezi, katazo lililofika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982. Afrika Mashariki ilikuwa na toleo lake la jambo hilo baadaye kidogo, katika vibanda vya video ambavyo watu wa Tanzania waliviita vibanda umiza, vilivyolaumiwa kwa kuwapokea wanafunzi saa za masomo, na kisha katika vibanda vya gemu ambako muda hupimwa kwa fedha. Hapo mipaka ilikuwa ya mwenye kibanda, naye alikuwa na kila sababu ya kuirefusha.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili yaliyobadili hali ya nyumbani: kompyuta yenye skrini yake yenyewe, isiyohitaji tena kuipokonya familia televisheni, na intaneti. Mashine ikawa na uwezo wa kuhamishiwa chumbani kwa mtoto, na ndiyo maana ushauri uliorudiwa zaidi katika muongo huo haukuhusu saa, ulihusu fanicha. Kijitabu kilichoandikwa na mwandishi wa habari Lawrence Magid mwaka 1994, na kusambazwa na kituo cha kitaifa cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kiliwashauri wazazi waiweke kompyuta kwenye chumba cha familia badala ya chumba cha kulala cha mtoto. Ushauri huo ulikuwa ni jaribio la kuurudisha kwa makusudi ule uhaba uliokuwapo kwa nguvu ya mazingira: mashine moja, mahali pa wazi, na foleni ya watu wanaoonana. Programu za kuchuja yaliyomo zilizouzwa katikati ya muongo huo zilishughulika zaidi na kile mtoto anachokiona kuliko muda anaoutumia kukiona, na mabishano ya kisheria yaliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1997 yalihusu hilo vilevile.

Akaunti zilirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Windows 95 na Windows 98, mifumo endeshi iliyotawala kompyuta za nyumbani mwishoni mwa karne, ilikuwa na kidirisha cha kuuliza jina na neno la siri, lakini aliyebonyeza kitufe cha kughairi aliingia bila kipingamizi, kwa hiyo kidirisha kile kilikuwa adabu tu, hakikuwa ulinzi. Wakati huohuo Windows NT, iliyotoka mwaka 1993 kwa ajili ya ofisi, ilimwezesha msimamizi wa mtandao kumpangia kila mfanyakazi saa za siku ambazo angeruhusiwa kuingia. Mifumo ya ukoo wa Unix nayo, iliyozaliwa mwaka 1969 mikononi mwa watu walioujua vizuri mgawanyo wa muda wa MIT, ilikuwa na njia zake za kufanya hivyo. Windows XP ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya msingi wa NT, iliziingiza sebuleni akaunti za kweli, kila moja na picha yake ndogo ya bata, mpira au sataranji, na ndani yake ilibaki amri ya kupanga saa za kuingia, iliyojulikana kwa mafundi wa ofisini na karibu isijulikane na mzazi yeyote. Chombo kilichokusudiwa wazazi hasa kilikuja mwaka 2007. Windows Vista, iliyouzwa kwa umma kuanzia mwisho wa Januari, ilikuwa na jedwali la siku saba na saa ishirini na nne, ambamo mzazi alipaka rangi visanduku vya saa zilizokatazwa; Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa Leopard, uliotenganisha siku za shule na za mapumziko na kuongeza saa ya kulala. Jedwali la Vista lilikuwa na upungufu wenye funzo: lilijua ni lini mtoto aruhusiwe, halikujua amekwisha kutumia kiasi gani, kama vile mtu aliyepewa ufunguo wa ghala bila kupewa kibaba. Hesabu ya jumla ya saa kwa siku iliongezwa katika Windows 8, mwaka 2012, nusu karne baada ya MIT kumpimia Scherr saa zake 4.

Watoto walijifunza udhaifu wa vyombo hivyo upesi. Hila rahisi zaidi ilikuwa kubadilisha saa ya mashine, pale ambapo akaunti ya mtoto iliachiwa mamlaka hayo. Katika toleo la nyumbani la Windows XP, aliyeiwasha mashine kwa hali ya usalama, yaani ile ya kutengenezea hitilafu, alikuta akaunti ya msimamizi iliyofichwa, ambayo kwa kawaida haikuwekewa neno la siri. Na aliyekuwa na diski yenye mfumo mwingine endeshi aliwasha kompyuta kwa kupitia hiyo, akaupita udhibiti wote bila kuugusa. Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba mbinu hizo zote zilihitaji maarifa ya mashine ambayo wazazi walidai kuwa ndiyo sababu ya kuinunua, na si ajabu kwamba wengi wao walipogundua hila hizo walishindwa kuamua kama wakaripie au wasifu.

Mashariki ya mbali ya Asia, dola lilijaribu kuichukua tena saa kutoka kwa mzazi. Korea Kusini ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuwafungia walio chini ya umri wa miaka 16 michezo ya mtandaoni ya kompyuta tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto waliingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, michezo yenyewe ikahamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa kwa namna hiyohiyo, na mwaka 2021 mchezo wa Minecraft, unaochezwa na watoto dunia nzima, ukajikuta huko Korea ukiwa wa watu wazima pekee kwa sababu ya namna sheria ilivyogongana na utaratibu wa akaunti. Sheria ilifutwa kuanzia Januari 2022. China ilishika njia ya kinyume: kanuni za mwaka 2019 ziliruhusu dakika 90 kwa siku ya kawaida, na zile za Agosti 2021 zikapunguza hadi saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hata huko, babu na bibi walijitokeza katika kumbukumbu za kampuni kuwa wachezaji hodari wa usiku, hadi kampuni ya Tencent ikaanza kukagua sura za watumiaji.

Idadi za saa ambazo wazazi huzitaja zilitoka kwa madaktari. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 1999 kwamba watoto wa chini ya miaka 2 wasitazame televisheni, na mwaka 2001 kikataja kikomo cha saa moja hadi mbili kwa siku kwa wale wakubwa zaidi. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya televisheni, lakini ulihamishiwa kwenye kompyuta bila kuulizwa maswali mengi, kana kwamba kuandika insha, kucheza na kuzungumza na shangazi aliye ng'ambo ni tendo moja. Oktoba 2016 chama hicho kilibakiza saa moja kwa walio na miaka 2 hadi 5, kikawaachia wenye umri mkubwa zaidi mpango ambao kila familia ingejitungia. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake Aprili 2019, lakini kwa watoto wa chini ya miaka 5 pekee. Wakati huo kompyuta ya familia ilikuwa tayari imepoteza nafasi yake, na vyombo vipya vya udhibiti, kile cha Google cha mwaka 2017 na kile cha Apple cha mwaka 2018, vilitungwa kwa dhana kwamba mtoto ana kifaa chake na akaunti yake, na mzazi anakitazama akiwa mbali.

Dhana hiyo haikulingana na nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambako hatua ya kompyuta moja ya familia ilirukwa na wengi. Waliowahi kupimiwa muda wa kompyuta walipimiwa kwenye mikahawa ya intaneti iliyoenea mijini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ambako mteja alilipia nusu saa au saa nzima na programu ya mhudumu ikaifunga skrini muda ulipokwisha, mbele ya wengine waliosimama wakingoja kiti. Simu ya mama, ambayo leo ndiyo skrini ya kwanza ya watoto wengi, si kifaa cha mtoto na haina akaunti yake. Ni ya mikopo ya kikundi, ya biashara ya genge, na ya kutumiwa fedha na ndugu. Mtoto huipata inapokuwa haina kazi, huinyang'anywa inapoita, na katuni husimama katikati bando linapokwisha.